Uzi: Tafiti za wakurufunzi wa tiba ya familia zinaelekea wapi? Tusiishie kwenye madodoso 384

#1 Mleta uzi

Wadau wa tiba ya familia, habari zenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nasimamia tasnifu za uzamili, na kila msimu wa kutetea ukikaribia meza yangu hujaa. Juzi nimefunga ya mwisho katika rundo la mwaka huu, nikazipanga zote nisome majina tu. Yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Uelewa, mtazamo na mienendo ya wagonjwa wa kisukari wanaohudhuria kliniki fulani. Kiwango cha shinikizo la damu lisilodhibitiwa na mambo yanayoambatana nalo katika kliniki fulani. Kuridhika kwa wagonjwa na huduma. Ukifuta jina la kliniki na kubadilisha ugonjwa, tasnifu moja inageuka nyingine. Ndani nako ni yaleyale: dodoso moja, mgonjwa anaulizwa mara moja, anaondoka, basi. Na idadi ya washiriki karibu kila mahali ni 384.

Sisemi haya kumdharau mtu. Tasnifu yangu mwenyewe ilikuwa hivyohivyo. Nilikaa miezi kwenye benchi la kliniki ya kisukari na dodoso la kupima uelewa. Siku moja akaja mama wa rika la mama yangu mzazi. Nikamwamkia, tukaanza. Alijibu vizuri kuliko wote niliowahoji wiki ile. Dalili za sukari kupanda alizijua, za kushuka alizijua, hata namna ya kuhamisha sehemu ya kuchoma sindano aliijua. Nikampa alama za juu. Kisha nikafungua kadi yake: sukari ya asubuhi ile ilikuwa juu mno, na ya mwezi uliotangulia vilevile, na wa kabla ya huo. Nilipomrudishia kadi akaniambia, "Mwanangu, ile sindano ya usiku huwa sichomi. Nalala na mjukuu wa miaka minne. Sukari ikishuka usiku, nani ataniamsha?"

Dodoso langu halikuwa na mahali pa kuandika maneno hayo. Nilimpeleka kwa daktari wa zamu waangalie dozi yake upya, nikarudi kwenye benchi, nikaita anayefuata. Kwenye jedwali langu yule mama alibaki kuwa "uelewa wa juu, udhibiti hafifu". Na sura ya mwisho, kama wenzangu wote, nikapendekeza wagonjwa wapewe elimu zaidi. Elimu ipi? Sindano alikuwa anaijua kuliko mimi. Kilichomshinda kilikuwa usiku.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Fani yetu inajitambulisha kwa kumjua mtu pamoja na nyumba yake, kumpokea na tatizo ambalo bado halina jina, na kumfuata miaka na miaka. Lakini tafiti tunazowafanyisha wakurufunzi tumeziazima kwa idara nyingine: ugonjwa mmoja, siku moja, mtu asiye na nyumba. Tunafundisha jambo moja darasani na kupima jingine kwenye tasnifu.

Angalieni pia mahali tunapokusanyia data. Mwaka 1961 Kerr White, daktari na mtafiti wa huduma za afya, na wenzake walichapisha hesabu ambayo kila mkurufunzi wetu huisoma. Katika watu wazima 1,000, ndani ya mwezi mmoja, takriban 750 huumwa au huumia kwa namna fulani. Kati yao 250 humwona daktari, 9 hulazwa, 5 hupewa rufaa kwa daktari mwingine, na mmoja tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Hesabu hiyo ilirudiwa Marekani mwaka 2001 na picha haikubadilika sana: waliofika hospitali ya chuo kikuu hawakutimia hata mmoja katika elfu. Sasa mkurufunzi anafundishwa wapi? Hospitali ya chuo kikuu. Anakusanya data wapi? Palepale, kwa sababu ndipo anapolala zamu. Tunamchunguza yule mmoja, halafu tunaandika mapendekezo kwa ajili ya wale 999.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu, maana mabadiliko yapo na nayaona. Tafiti za kimaelezo, zile za mahojiano ya kina na mijadala ya vikundi, zimeongezeka. Nilipoanza, kamati ilikuwa inauliza "namba ziko wapi?" Siku hizi mkurufunzi anatetea mahojiano 15 na watu wanamsikiliza. Afya ya akili nayo imeingia kwa nguvu. Tangu ugonjwa wa UVIKO-19 utangazwe kuwa janga la dunia Machi 2020 na watu kuzuiwa kukutana, wengi walilazimika kutumia simu, kumbukumbu za kielektroniki na mapitio ya machapisho, na njia hizo zimebaki. Ukaguzi wa kitabibu, yaani kupima huduma yetu kwa kigezo, kuirekebisha na kuipima tena, ambao zamani ulionekana si utafiti, unaanza kukubalika. VVU na afya ya mama na mtoto bado zipo, ila magonjwa yasiyoambukiza ndiyo yanaongoza katika marundo ninayosoma.

Kwa hiyo mada zinabadilika. Kisichobadilika ni umbo: kila tasnifu inaanza peke yake na inakufa siku ya kutetea. Nataka tulijadili hilo. Karibuni.

#2 Rezidenti wa mwaka wa pili

Shikamoo Daktari. Uzi umenigusa kwa sababu sasa hivi ndiyo naandika pendekezo la utafiti, na ni hilohilo ulilolisema: uelewa wa wagonjwa wa kisukari.

Naomba niseme kwa niaba ya wenzangu. Hatuchagui mada hizi kwa uvivu. Sehemu kubwa ya mafunzo tuko kwenye mizunguko ya idara: watoto, upasuaji, uzazi, dharura. Pendekezo likiisha linaenda idarani, kisha kamati ya maadili, likirudi na maswali unajibu unasubiri tena. Ukija kupata kibali, umebakiwa na miezi michache ya kukusanya data, nayo unakusanya ukiwa zamu. Nilipokuwa na wazo kubwa, msimamizi wangu aliniambia kwa upendo kabisa, "Fanya kitu kitakachoisha." Na dodoso linaisha.

Wazo langu la mwanzo lilikuwa kuwafuata wagonjwa wapya wa shinikizo la damu mwaka mzima nione nani anaacha dawa na kwa nini. Nikaambiwa mwaka sina. Ni kweli sina.

#3 Mtu wa Takwimu

Mimi si daktari, ni mtu wa takwimu ninayeletewa kazi hizi, mara nyingi data ikiwa imeshakusanywa. Niruhusuni nieleze hiyo 384, maana wengi wanaiandika bila kujua ilikotoka.

Unachukua 1.96, ambayo ni kwa ajili ya uhakika wa asilimia 95, unaizidisha yenyewe kwa yenyewe. Unazidisha kwa 0.5 mara 0.5, kwa sababu hujui kiwango halisi na nusu ndiyo inayotoa idadi kubwa kuliko zote. Unagawanya kwa 0.05 mara 0.05, ambayo ni kosa unalolikubali. Jibu ni 384.16, na kwa haki inapaswa kupandishwa iwe 385. Hesabu hiyo inajibu swali moja tu: ni asilimia ngapi ya watu wana jambo fulani, ukiwa umewachagua kwa bahati nasibu kutoka umma mkubwa.

Sasa mtu ananiletea 384 na kliniki yake nzima ina wagonjwa 600. Hapo unarekebisha: 384 unaigawanya kwa (moja jumlisha 383 iliyogawanywa kwa 600), unapata kama 235. Angeokoa karibu madodoso 150 na wiki kadhaa za maisha yake. Mwingine swali lake halisi ni kulinganisha makundi mawili, na 384 haihusiki kabisa. Anatakiwa kukokotoa upya kutokana na tofauti anayotarajia kuiona. Mwingine kachukua kliniki nane, na wagonjwa wa kliniki moja hufanana, kwa hiyo anahitaji zaidi.

Na kuna kosa ambalo hesabu haiwezi kulitibu. Mkikaa kliniki mkawahoji wanaofika, mnawahoji waliobaki. Aliyeacha dawa hayupo kwenye benchi. Ukiandika "wagonjwa wetu wengi wanatumia dawa vizuri", umeandika kwamba wanaokuja ni wale wanaokuja.

Ombi langu: njooni kabla ya kukusanya, si baada.

#4 Mleta uzi

Marahaba Rezidenti. Mkuu wa takwimu, aya yako ya "waliobaki" nitaibandika ukutani ofisini.

Rezidenti, umenijibu kwa heshima lakini umenishika pabaya, na ni haki yako. Ratiba ndiyo inayoandika mada zetu. Sehemu nyingine tasnifu ni sharti la kuwa bingwa. Afrika Kusini, kwa mfano, wanaoanza mafunzo tangu 2011 hawasajiliwi kuwa mabingwa bila kazi ya utafiti. Sharti likishakuwapo na muda usipoongezwa, watu watatafuta njia fupi, na njia fupi ni benchi la kliniki na dodoso.

Lakini tazama tena lile wazo lako la mwanzo. Mwaka wa kusubiri mbele huna. Mwaka wa nyuma je? Wagonjwa walioandikishwa miezi 18 iliyopita wako kwenye rejista. Tarehe ya kwanza ipo, tarehe za kurudi zipo, dawa walizochukua zipo. Unaanza nao siku waliyogunduliwa, unawafuata kwenye karatasi hadi leo, unaona nani kakatika na lini. Huo ni utafiti wa ufuatiliaji kamili, ila unasoma kilichokwisha kutokea. Rejista zitakuwa na mapengo, najua. Andika mapengo hayo kama yalivyo, maana nayo ni matokeo: kliniki isiyojua mgonjwa wake alipotelea wapi imekwambia kitu kikubwa kuhusu huduma yake. Kisha chukua kumi na kitu kati ya waliokatika, wapigie simu kwa kibali, waulize kwa nini. Hao ndio wasiokaa kwenye benchi.

Njia nyingine ambayo sielewi kwa nini hatuitumii ni kuandika sababu za kuja. Wonca, shirika la dunia la madaktari wa familia, walitoa ICPC, uainishaji wa kimataifa wa huduma ya msingi, mwaka 1987, na toleo la pili mwaka 1998 lina sura 17, mojawapo ikiwa ya matatizo ya kijamii. Uzuri wake ni kwamba unaandika kilichomleta mtu kwa maneno yake, hata kama utambuzi bado. Mtu kasema amechoka. Huandiki upungufu wa damu wala sonona, unaandika uchovu, halafu unafuata uchovu ule uliishia wapi. Wiki mbili za kuandika kila anayeingia katika kituo cha afya cha ngazi ya chini zinakupa picha ambayo hakuna idara nyingine hospitalini inaweza kuitoa, kwa sababu kwao mgonjwa hufika akiwa tayari na jina la ugonjwa.

Kazi za namna hii ndizo zilizoijenga fani hii. William Pickles alikuwa daktari wa vijijini huko Wensleydale, Uingereza. Hakuwa na maabara ya maana. Alikuwa na daftari, akawa anaandika nani kaugua nini, siku gani, na alikutana na nani. Kwa kuwa vijiji vilikuwa vidogo na yeye anawajua watu kwa majina, aliweza kupata siku za maambukizi ya homa ya ini kukaa mwilini kabla ya dalili, jambo ambalo hospitali za mjini zilishindwa kwa sababu mjini huwezi kujua nani alikutana na nani. Kitabu chake kilitoka 1939. Daktari Julian Tudor Hart naye alikaa Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe Wales, akapima shinikizo la damu la watu wazima wa kijiji chake badala ya kungoja waje. Mwaka 1971 aliandika kwamba huduma nzuri huwa haba pale inapohitajika zaidi. Mwaka 1991 akachapisha matokeo ya miaka 25 ya kutafuta wagonjwa na kukagua kazi yake mwenyewe kijijini hapohapo.

Mkurufunzi hana miaka 25. Idara inayo. Na hapo ndipo napendekeza kijiti: idara ichague maswali machache, tuseme matatu, na kila kundi la wakurufunzi lipokee kutoka kwa lililotangulia. Wa kwanza anapima hali ilivyo. Wa pili anauliza kwa nini. Wa tatu anabadilisha kitu na kupima tena. Kila mmoja ana tasnifu yake, swali lake, kibali chake cha maadili na jina lake, lakini swali kubwa haliondoki.

#5 Muuguzi wa kliniki

Madaktari, naomba niingie ingawa uzi ni wenu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya magonjwa sugu, miaka mingi sasa.

Kila mwaka wanakuja. Tunawapa chumba, tunawapangia wagonjwa, tunawasaidia kueleza wazee maswali magumu. Wakimaliza wanatuaga vizuri, wanaleta na asante. Lakini sijawahi, narudia, sijawahi kuletewa majibu. Nimemsaidia mtu kuhoji mamia ya wagonjwa wangu, na sijui hadi leo waligundua nini. Wagonjwa wananiuliza: "Sista, yule daktari kijana aliyetuuliza mambo ya miguu, alipata jibu?" Nabaki nacheka tu kwa aibu.

Na hilo la miguu naomba nilisemee. Yule daktari aliuliza wagonjwa kama wanajua kutunza miguu. Angeniuliza mimi ningemwambia kwamba sisi wenyewe tulikuwa hatuiangalii. Mgonjwa anakaa na viatu vyake tangu anaingia mpaka anatoka. Ule uzi wa plastiki wa kupimia hisia za unyayo ulikuwa umefungiwa kwenye droo ya mtu aliyekuwa likizo.

#6 Mleta uzi

Dada, uzi huu ni wako pia, na umeandika kitu ambacho tasnifu tatu zimekizunguka bila kukiona.

Wakurufunzi, someni tena aya yake ya mwisho. Huo ni ukaguzi wa kitabibu umekamilika nusu. Kigezo kinajulikana: mwenye kisukari aangaliwe miguu walau mara moja kwa mwaka, ikiwa ni pamoja na kupimwa hisia kwa ule uzi wa gramu 10. Unavuta mafaili mia, unahesabu ni mangapi yana uchunguzi wa miguu ulioandikwa mwaka uliopita. Unakaa na wauguzi, mnaulizana kinachozuia. Pengine ni droo. Mnaamua: mgonjwa avue viatu akiwa bado anasubiri, kifaa kitundikwe ukutani kwenye chumba cha kwanza, faili liwe na mahali pa kuandika. Baada ya miezi sita mwingine anavuta mafaili mia mengine. Hakuna aliyeulizwa "unajua nini kuhusu miguu yako", na kuna mguu ambao haukukatwa.

Wapo wanaosema hii si sayansi ya kutosha kwa shahada ya uzamili. Nimebishana nao na nitaendelea kubishana. Ukaguzi ukiwa na kigezo kilichoelezwa, sampuli iliyochaguliwa kwa utaratibu, kipimo cha kabla na baada, na maelezo ya wazi ya kilichobadilishwa, ni kazi ngumu kuliko dodoso. Ugumu wake ni kwamba inakulazimu uelewane na watu.

Kuhusu majibu kutorudi, hilo ni kosa letu wasimamizi, nami nimo. Azimio la Helsinki la maadili ya utafiti unaohusisha watu, lililopitishwa 1964, lilifanyiwa marekebisho tena 2024. Sasa linawaita watu "washiriki" na linataka washirikishwe kwa dhati, wao na jamii zao, kabla ya utafiti, wakati wake na baada yake. Baada yake! Kuanzia msimu huu, mkurufunzi wangu hatapata saini yangu ya mwisho mpaka amesimama mbele ya wauguzi wa kliniki ile kwa nusu saa na kuwaeleza alichokipata. Ukurasa mmoja kwa wagonjwa, kwa lugha yao, utabandikwa ukutani.

#7 Mhitimu wa miaka kadhaa

Wakuu, niongeze la uchapishaji. Tasnifu yangu ilifungwa jalada gumu, nakala moja maktaba, moja kwa msimamizi, moja nyumbani kwa wazazi. Hiyo ya nyumbani ndiyo imesomwa zaidi.

Nilijaribu kuichapisha. Msimamizi wangu wa wakati ule, chuo sitakitaja, alitaka jina lake litangulie. Nilipouliza akanyamaza mwaka mzima. Baadaye nikaipeleka mwenyewe na jarida likanirudishia: maelezo ya jinsi nilivyochagua washiriki hayatoshi. Walikuwa sahihi. Data ilikuwa na umri wa miaka minne, nikakata tamaa. Watu waliniamini na habari za ndoa zao na dawa zao, na hakuna aliyefaidika. Linaniuma mpaka leo.

#8 Mleta uzi

Pole sana, ndugu. Kumbe maumivu haya tuko nayo wengi. Jina la kwanza ni la aliyebuni na kuifanya kazi, na mambo haya yaandikwe kwenye karatasi siku ya kwanza ya usimamizi, kabla hakujawa na kitu cha kugombea.

La jarida kukurudishia linazuilika. Mwongozo wa kuripoti utafiti uitwao STROBE upo tangu 2007 kwa tafiti za uchunguzi, zile za kuangalia bila kubadilisha kitu, na COREQ wa mwaka huohuo una vipengele 32 kwa mahojiano na vikundi. Watu huvijaza mwishoni kama fomu ya forodha. Vijazeni wakati wa kuandika pendekezo, vitawaonyesha mlichosahau wakati bado mnaweza kukirekebisha. Mimi pia nimeanza kuwaomba wakurufunzi waandike tasnifu kwa umbo la makala, mwongozo wa chuo ukiruhusu. Kurasa mia na kitu kuzipunguza kuwa kumi baada ya mtu kuhitimu na kupangiwa kazi mbali ni jambo ambalo halitokei.

Nirudi kidogo kwenye tafiti za kimaelezo, kwa sababu nilizisifia na zina shimo lake. Nasoma mahojiano "ya kina" ya dakika tisa. Nasoma mkurufunzi amewahoji wagonjwa wake mwenyewe, katika chumba chake cha kutibia, akiwa na koti jeupe, kisha anaandika kwamba wagonjwa wanaridhika na huduma. Atakwambia nini mtu ambaye kesho anakuhitaji umwandikie dawa? COREQ vipengele vyake vya mwanzo vinauliza hilohilo: wewe anayehoji ni nani kwa huyu unayemhoji? Jibuni kwa ukweli.

Na wanaotumia PHQ-9 kupima sonona, ambao ni wengi sasa, nawaomba muwe waangalifu na maneno. Dodoso lile lina maswali tisa, alama 0 hadi 27, na 10 ndiyo hutumika sana kama mpaka. Likitafsiriwa lazima lipimwe upya kwa wasemaji wenyewe. Mgonjwa wetu haji akisema ana sonona. Anasema ana mawazo mengi, au moyo mzito, au anaumwa mwili mzima na vipimo havioni kitu. Mkurufunzi mmoja wangu aliacha kuhesabu alama akaanza kuandika tu ni maneno gani watu hutumia kabla daktari hajafikia neno sonona. Ni kazi ndogo ya watu 20. Katika rundo zima la mwaka ule, ndiyo niliyoirudia kuisoma mara mbili.

#9 Rezidenti wa mwaka wa pili

Daktari, nimekaa na uzi huu siku tatu. Nimeongea na msimamizi wangu jana, nikamsomea kisa cha yule mama na mjukuu. Alinyamaza kidogo akasema nilete upya kurasa mbili.

Nimeandika hivi: wanaotumia insulini katika kituo chetu huruka dozi zipi, saa ngapi, na nani yuko nao nyumbani saa hizo? Nataka kuanza na mahojiano, si ya kliniki. Naomba nikawaone majumbani, jioni. Mtu wa takwimu hapo juu ameshanijibu kwa ujumbe: kwa hatua hii nisitafute 384, nihoji mpaka mapya yaishe, halafu nimpe anayenifuata vitu vya kupima kwa idadi. Hofu yangu ni kamati ya maadili. Watanihoji sana kuhusu kwenda nyumbani kwa watu.

#10 Mleta uzi

Watakuhoji, na wana haki. Andika wazi: mgonjwa ndiye anayechagua mahali, nyumbani au kwingine. Usiende na gari lenye maandishi ya hospitali, majirani wana macho. Mhojiwa awe si mgonjwa unayemtibu wewe. Ukikuta mtu sukari imeshuka mbele yako, umeacha kuwa mtafiti, umekuwa daktari, na utaratibu wa kumsaidia uwe umeandikwa kwenye pendekezo, pamoja na namba ya kupiga. Beba glukosi kwenye mkoba.

Swali la "nani yuko nao" liweke mwanzoni, lisiwe la mwisho wakati watu wamechoka. Na usiulize "kwa nini huchomi?" Hilo ni swali la kumshtaki mtu. Uliza, "Nieleze usiku wako wa jana ulivyokwenda."

Swali langu kwa wengine: nani wa mwaka wa kwanza atapokea kijiti hiki? Atahitaji kuwapo tangu mahojiano ya mwanzo.

#11 Mkurufunzi wa mwaka wa kwanza

Shikamooni. Nipo kituo kimoja na Rezidenti, bado sina mada. Nitakuwa naandika wakati yeye anahoji, wagonjwa wakiridhia. Rezidenti, nimekutumia ujumbe, tukutane Alhamisi baada ya zamu. Na Sista wa kliniki ya magonjwa sugu, kama na wewe uko karibu, tunakuomba uje, maana orodha ya maswali tungependa uione kabla haijaenda kwa kamati.